Ufa Ulikuwa Kando

Nyumbani kwetu Migori mke wangu hutupa vitu vya plastiki vilivyovunjika, nami huvitoa jalalani. Mfuniko wa ndoo, kiti kilichokatika mguu, sega, kila kitu mimi hukiona ni malighafi. Nina gari dogo kuukuu ambalo zamani lilikuwa na rangi ya fedha, na karibu kila kipande chake cha plastiki kimewahi kupita mikononi mwangu. Hakuna hata kimoja kilichotoka kikiwa bora kuliko kilivyoingia. Mlango wa abiria, kwa mfano, tangu niutengeneze hufunguka kwa nje tu, kwa hiyo mke wangu tukifika mahali hukaa akingoja nizunguke nimfungulie. Huwa namwambia kwamba hayo ni mapenzi.

Kazi yangu ni duka la fotokopi na kalamu karibu na soko. Ufundi sikuusomea wala hakuna aliyeniomba niufanye. Lakini napenda harufu ya plastiki inapoanza kulainika, na kwenye simu naangalia video za wanaume wa nchi za mbali, wenye glavu safi na meza pana, wakiunganisha bampa mpaka mstari hauonekani hata kwa kidole. Mimi nina kisu cha jikoni, jiko la makaa na supaglu. Tofauti hiyo sijawahi kuipa uzito unaostahili.

Ugonjwa huu ndio ulionikosanisha na kaka yangu mkubwa. Yeye anaishi Sindo, ana pikapu ya kubebea omena, dagaa wa ziwani, huinunua ufuoni ikiwa imeshakauka na kuipeleka soko la Oyugis. Krismasi iliyotangulia tulikuwa wote nyumbani, na tangi la plastiki la maji ya injini ya pikapu yake lilikuwa limeingia ufa. Alitaka kununua jipya. Nilimwambia asitupe pesa, nikamwaga supaglu juu ya ufa, nikanyunyiza magadi ya jikoni ikaganda kama jiwe, kisha nikapiga kifua mbele ya watoto, wake zetu na wageni waliokuja kula. Nadhani nilitumia neno "milele".

Siku chache baadaye, akiwa njiani kwenda Oyugis, tangi lilipasuka. Injini ikachemka, gari likalala kando ya barabara, mvua ikanyesha, na omena iliyolowa haina mnunuzi. Alinipigia simu akiwa bado pale pale. Ndugu mwenye akili angeuliza kwanza kama yuko salama. Mimi nilimwambia, "Angalia vizuri. Ufa wangu ni mzima. Imepasuka kando."

Yeye akasema tangu utotoni mimi huharibu vitu kwa bidii. Mimi nikasema tangu utotoni yeye hana macho. Kisha tukaingia kwenye mambo mengine ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na tangi, ya mama yetu na ya nani alipendwa zaidi, na tulipokata simu hatukupigiana tena. Kwetu, maneno ya namna hiyo kati ya watoto wa tumbo moja si mchezo. Kila mtu wa ukoo alijua, na kila mtu alijua pia kuhusu kando.

Sisi ni Wasabato. Kila robo ya mwaka kuna Meza ya Bwana, na kabla ya mkate waumini hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Desturi ni kumtafuta yule mliyekosana naye, umpigie magoti, umwoshe miguu, naye akuoshe, muombe pamoja, yaishe. Mwaka mzima, kila ilipofika saa ya mabeseni, mimi nilitoka nje kuangalia gari. Wazee wa kanisa letu waliamini gari langu linatamaniwa sana na wezi.

Mke wangu na mke wa kaka yangu hawakuwa na ugomvi, waliendelea kupigiana simu kama kawaida. Mimi nilimkataza mke wangu kunieleza habari yoyote ya Sindo, iwe nzuri au mbaya. Nilisema nikitaka habari nitafungua redio. Akasema sawa, na kwa bahati mbaya yeye ni mtu anayeshika neno lake.

Kwa hiyo alipoanza mwenyewe, jioni moja nikiwa nabandika rimoti, nilijua jambo ni zito.

"Hii lazima usikie," alisema. "Sabato hii Sindo kuna Meza ya Bwana. Ndugu yako anakungoja mtawadhane. Na amesema ukikosa kuja, hatakuita tena."

"Amekubali kwamba ilipasuka kando?"

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia ng'ombe aliyeingia jikoni. Kisha akasema jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalijua ila sikutaka kulitaja, kwamba sisi tumebaki wawili, na mtu akikuita mara moja baada ya mwaka mzima unaitika. Niliitika. Usiku ule nililala vizuri, nikawa hata na furaha. Ningeenda Sindo na kupata ndugu yangu tena, kama ningeweza kujizuia kuharibu.

Alhamisi nikaharibu. Kulikuwa na mvua, na nikaingiza gari kwenye mtaro ulio mbele ya duka langu, mtaro ninaoupita kila siku. Bampa ya mbele ilipasuka upande wa kushoto na kuning'inia. Fundi wa ng'ambo ya barabara alikuja mbio akipangusa mikono.

"Lete, mzee. Kesho mchana itakuwa sawa kabisa."

Nilimwambia asante, hapana. Mke wangu aliposikia alipendekeza twende kwa matatu. Hilo pia nililikataa, na sababu nilizotoa zilikuwa nyingi na zote za uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaona picha kichwani. Nafika Sindo, naegesha mbele ya kanisa, kaka yangu anapita mbele ya gari, anaona mshono nilioufanya kwa mikono yangu, umeshika safari nzima, ananyamaza. Kwanza mshono, halafu msamaha. Niliona huo ndio utaratibu.

Ijumaa nilifunga duka mapema nikaanza kazi uani. Video ilisema kitu kimoja ambacho sikuwa nimekijua siku za supaglu, kwamba plastiki hushikana na ya jamii yake tu. Nyuma ya bampa kuna herufi ndogo zinazotaja jamii hiyo, na unatakiwa kutafuta plastiki nyingine yenye herufi hizo hizo, uikate vipande vyembamba, uiyeyushie ndani ya ufa. Nilipindua nusu ya vyombo vya nyumba. Mwishowe, stoo, nikakuta mabeseni yamepangwa moja ndani ya jingine, na chini ya kila moja herufi zilezile. Nilichukua la kijani kwa sababu lilionekana limezeeka kuliko mengine, nikakata kipande kirefu cha ukingo wake. Kisha nikang'oa wavu wa chujio la chai, maana video ilisema waya mwembamba ukizamishwa ndani ya plastiki huipa nguvu.

Nilifanya kazi nzuri siku ile, na ninalisema nikijua thamani ya neno langu. Kisu kilikuwa chekundu, wavu ulizama vizuri, ile kijani ikayeyuka na kuingia ndani ya ufa. Kweli, bampa ya rangi ya fedha yenye kovu la kijani kibichi haikuwa kitu cha kupendeza. Lakini nilipoivuta, haikutikisika. Nilikuwa nimemaliza nusu ya juu, nimebakisha ya chini, mke wangu aliporudi kutoka sokoni.

"Nini inanuka? Na chujio iko wapi?"

Nilimwonyesha bampa nikidhani ingejibu maswali yote mawili. Yeye alikuwa anaangalia chini, palipokuwa na beseni.

Mke wangu ni shemasi kanisani. Mashemasi ndio wanaotunza vyombo vya ibada, na mabeseni yale hayakuwa yetu. Yalikuwa ya kanisa, ya kutawadhia miguu, na alikuwa ameyaleta nyumbani kuyasugua kwa sababu lile kanisa dogo la Sindo lilikuwa limemwomba awaazime. Alinieleza hayo kwa sauti ya chini, taratibu, ambayo ni mbaya kuliko makelele.

"Ni ukingo tu," nilisema. "Maji bado yanakaa."

Hata hapo, Mungu anisamehe, nilihisi kwamba ni mimi niliyeonewa.

Mke wangu aliangalia angani, akasema jua linazama. Kwa Msabato hapo kazi imekwisha mpaka kesho jioni, na bampa ilikuwa imeshika juu tu. Nilimkumbusha kuhusu ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, ambaye Maandiko yanaruhusu atolewe.

"Ng'ombe ni nani hapa?" aliuliza. Akachukua kisu, akakifungia kabatini. Katika sala ya kuifungua Sabato aliomba subira, bila kutaja ni ya kumvumilia nani.

Tuliondoka alfajiri. Upande wa chini wa bampa ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, na aliyeifunga ni yeye, akisema mimi nimeshafanya kazi ya wiki nzima. Mabeseni yalikuwa kiti cha nyuma. Tulipita Rongo, tukapita Rodi, nami kila baada ya muda nilisimama, nikashuka kukagua kovu langu la kijani, nikarudi nikitabasamu. Kabla ya Homa Bay polisi walitusimamisha. Askari alizunguka mbele ya gari, akakaa huko kwa muda, akaja dirishani.

"Hii bampa imetengenezwa na nani?"

"Mimi."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana, afande."

"Naona," alisema, akaturuhusu twende kanisani.

Mke wangu alicheka kutoka hapo mpaka tukauacha mji nyuma. Nilifurahi kusikia kicheko chake kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, hata kama nilikuwa nimekilipia. Ziwa lilikuwa tayari linaonekana kulia. Nilianza kuogopa kidogo. Nilikuwa na mwaka mzima wa maneno tumboni, na sikujua ni lipi lingetoka kwanza.

Karibu na Sindo kuna kipande cha barabara chenye mashimo. Nilisikia mlio, kisha kitu kikiburuta chini. Nilishuka. Bampa ilikuwa imeng'oka upande wa kushoto wote na kulala mchangani. Nikapiga magoti kuiangalia, na pale chini, mbele ya wanawake waliokuwa wakipita na makarai ya samaki, nikapiga kelele za furaha.

Mshono ulikuwa mzima. Kovu la kijani halikuwa limeachia hata unywele. Bampa ilikuwa imepasuka upya, upana wa kiganja kutoka pale.

"Kando!" nilimwambia mke wangu. "Njoo uone. Imepasuka kando!"

Hakuja, kwa sababu mlango wake haufunguki kwa ndani. Nilipiga picha kwa simu, ya karibu na ya mbali, na moja nikiwa nimeweka Biblia kuonyesha ukubwa. Halafu nikaing'oa bampa yote na kuiingiza ndani ya gari, kutoka dirisha la nyuma mpaka kati ya viti vyetu viwili, juu ya mabeseni. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Nilimweleza mke wangu, nikitoa jasho, kwamba sasa iko wazi: nikitengeneza kitu, hakipasuki nilipokitengeneza, bali kando. Ndivyo ilivyokuwa kwa tangi. Ningemwonyesha kaka yangu kabla ya kutawadhana, naye angekubali.

"Wewe unaenda kutawadhana miguu na mtu," alisema mke wangu, bampa ikiwa kwapani pake, "na unabeba ushahidi."

Nilimwambia ukweli ndio msingi wa upatanisho. Nilikuwa nimelitunga hilo papo hapo na nikaliona zuri.

Tulichelewa. Somo la Sabato lilikuwa limekwisha na mahubiri yalikuwa ukingoni. Kaka yangu alikuwa benchi la pili kutoka mbele. Aligeuza shingo, akaniona, akainamisha kichwa kidogo, hakusimama. Mwili wake ulikuwa umepungua, koti lilimpwaya. Nilidhani ni koti la mtu mwingine. Mchungaji alipotangaza kwamba wanaume waende darasa la watoto lililo nyuma ya kanisa, kaka yangu aliinuka akashika ukuta, akaanza kutembea polepole sana, hatua ndogo ndogo, bila kumwangalia mtu. Nikajisemea, anaringa. Anataka nimngoje. Nilimngoja, simu mkononi, picha imeshafunguliwa.

Mlangoni mke wangu alikuwa anagawa mabeseni na maji. Alinipa la kijani, upande uliokatwa ukinitazama.

"Hili ni lako," alisema.

Darasani wanaume walikuwa wameshakaa wawili wawili kwenye madawati ya watoto. Kaka yangu alikaa, nami nikapiga magoti mbele yake na kuweka beseni chini. Mke wake, aliyekuwa amemfuata mpaka mlangoni, aliniita shemeji kwa Kijaluo, akaniambia kwa upole, "Yuora, maji yasiwe moto," akaondoka. Sikuelewa kwa nini aliniambia hivyo. Nilisafisha koo nianze kesi yangu. Kaka yangu aliinama, akavua kiatu cha kulia, kiatu kipana cha raba nisichowahi kumwona nacho, kisha akaanza kuvua soksi, polepole.

Kidole gumba hakikuwepo. Kinachofuata pia hakikuwepo. Palikuwa na ngozi iliyokunjamana, ya rangi nyepesi, imeshonwa kwa mstari mrefu unaoingia mpaka unyayoni.

Nilirudisha simu mfukoni. Sikumbuki kama niliizima.

"Hiyo usijaribu kuibandika," kaka yangu alisema kwa Kijaluo.

Mzee mmoja pembeni yetu alicheka, nami nikataka kucheka pia, ikashindikana. Nilimuuliza ni nini. Akasema ni sukari. Nilimuuliza lini. Akasema wakati wa mvua ndefu, alilazwa Homa Bay kwa muda, wakakata wakidhani kimoja kitatosha, wakarudia. Alisema kama anayesimulia bei ya omena.

Wakati wa mvua ndefu mke wangu aliwahi kuniomba nimpeleke Homa Bay kumwona mgonjwa hospitalini. Nilimpeleka. Alipokuwa anashuka aliniuliza, "Hutaki kuingia?" Nilimwambia mimi nina kazi, nikabaki kwenye maegesho nikibandika klipu ya sanduku la dashibodi, na aliporudi na macho mekundu nilimwonyesha jinsi ilivyoshika. Sikumuuliza mgonjwa ni nani. Nilikuwa nimekataza habari.

Nikiwa bado nimepiga magoti pale darasani, nililia, bila sauti, lakini machozi yalikuwa mengi na hayakuwa na mahali pa kwenda isipokuwa kwenye beseni. Kaka yangu alikuwa ameinua mguu, anangoja. Ndipo nikaona ule ukingo. Nilipokata sikulainisha, pale kisu kilipopita palikuwa na meno meno, na mtu wa sukari mkwaruzo mdogo tu humrudisha wodini. Niligeuza beseni, upande ule ukawa kwangu, kisha nikaufunika kwa mkono wangu wa kushoto na kumwosha kwa mkono wa kulia. Meno yale yalikuwa makali kweli. Niliyaacha yanichome.

Nilimwosha kisigino, nikamwosha vile vidole vitatu, kimoja kimoja. Nilipofika kwenye ule mshono niliogopa, akasema niendelee, hapo hasikii kitu. Nilimwagia maji kwa kiganja. Nilichukua taulo nikaanza kumkausha, nikipapasa tu, kama nilivyomwona mama yetu akimkausha yeye alipokuwa anaumwa tetekuwanga na mimi nikiona wivu.

"Omera," alisema, yaani ndugu yangu.

Niliinua uso.

"Lile tangi lilipasuka kando. Niliona siku ile ile, nikiwa bado barabarani. Ulipobandika palikuwa pazima."

Mwaka mzima nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Nilikuwa nimejitayarishia hata jibu, refu, lenye vifungu. Mguu wake ulikuwa umelala mapajani mwangu, mwepesi kuliko nilivyotarajia, na nilikuwa bado sijaukausha vizuri.

Nilimwambia anipe ule mwingine.